Mwaka Nilipomsemea Bi Somoe

Mwezi uliopita nilikwenda Likombe kwenye mazishi ya Dadi. Wanaume walipokwisha kuondoka na jeneza, tukaletewa wali kwenye masinia uani, akina mama watano watano, na mwanamke aliyekaa kulia kwangu akawa ananisogezea nyama upande wangu. Nilimtazama mara mbili kabla ya kumjua. Alikuwa Rehema, binti wa Bi Somoe, mwalimu mstaafu sasa, uso umekonda ndani ya ushungi. Dadi alikuwa baba yake wa kambo, na niliwahi kumsikia akiapa mbele ya jaji kwamba hatakanyaga penye msiba wake. “Wakili,” akaniambia kwa sauti ya chini, “wewe ndiye uliyemleta mama kwangu, na wewe ndiye uliyemtoa. Nilikuchukia mara zote mbili.” Kisha akanimiminia maji ya kunawa.

Nimefanya kazi hii kwa miaka inayokaribia ishirini, na watu huniuliza kesi gani nilijifunzia. Huwa nataja kesi kubwa ili waridhike. Kweli ni kwamba nilijifunzia katika nyumba ya vyumba viwili pale Likombe, mwaka wa kwanza baada ya kuapishwa, nikimwakilisha mwanamke ambaye hakuwahi kulijua jina langu. Ulikuwa mwaka ambao maneno ya gesi ya Mnazi Bay yalikuwa yameshawapanda watu vichwani. Mtu aliyekuwa na mikorosho kumi kando ya bahari alianza kusalimiwa kwa mikono miwili. Madalali walivaa viatu vya ngozi kwenye mchanga. Na mimi, binti wa miaka ishirini na sita, nilijiona nina jicho la kuona kila ujanja.

Jicho hilo nilipewa na Wakili Mkumbaru. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vitambaa la Mzee Gulamu, mjini, chumba kimoja kilichogawanywa kwa ubao mwembamba wa plaiwudi, ukipiga chafya huku mwenzako anakuombea rehema kule. Kutoka chini ilipanda harufu ya majora mapya na ubani ambao mke wa Mzee Gulamu aliufukiza kila asubuhi. Juu kwetu palinuka karatasi na pweza, kwa sababu Wakili Mkumbaru alikula pweza wa kukaanga kwa muhogo wa kuchemsha kila siku ya kazi, saa saba, akiwa ametandika gazeti mezani. Alikuwa ananimegea. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kazi kwa upole namna ile. “Binti,” alikuwa akisema huku anajifuta vidole, “wakili ana jicho moja la kuona na moja la kushuku. Ukilazimika kupoteza moja, poteza la kwanza. La pili ndilo litakalokulisha.” Niliyaandika maneno hayo nyuma ya daftari langu na kuyapigia mstari.

Rehema alikuja kutoka Dar es Salaam na ombi mahakamani. Mama yake, Bi Somoe, alikuwa na maradhi ya kusahau ambayo daktari alikwisha kuyathibitisha kwa maandishi; hakuweza tena kujiamulia mambo. Rehema aliomba mahakama imteue yeye kuwa msimamizi wa mama na wa mali zake, yaani nyumba ya Likombe na shamba la mikorosho la upande wa Msimbati. Alisema mume wa mama, Dadi, fundi baiskeli aliyepitwa umri na mkewe kwa miaka kumi na sita, anamfungia ndani kama mbuzi. Rehema alikuwa na wakili wake. Dadi hakuwa na wakili, alisimama mwenyewe na kusema, “Napinga,” akakaa. Jaji akatutazama wote. “Huyu ana wakili, huyu ana mdomo wake,” akasema. “Mama mwenyewe atasemewa na nani?” Hapo Wakili Mkumbaru akainuka kutoka benchi la nyuma akasema ofisi yake itamwakilisha mama yule bila malipo. Faili akanikabidhi mimi. Nilijivunia sana mzee wangu siku ile.

Nilikwenda Likombe asubuhi ya Jumatano bila kutoa taarifa, kama nilivyofundishwa. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Nilibisha, na kutoka ndani sauti ya mwanamke ikauliza, “Nani?” Nikasema Salima. “Salima wa nani?” Kabla sijajibu, Dadi akatokea na baiskeli, mfuko wa ming'oko, vile viazi vya porini, umening'inia kwenye usukani. Tulisalimiana. Nilipomwambia mimi ni wakili wa mkewe, hakuniuliza chochote, alitoa ufunguo shingoni akafungua, akaniacha nitangulie. Ndani palikuwa pasafi kupita kiasi. Kabati lenye kioo lilikuwa limegeuzwa likatazama ukuta. Hapakuwa na kiatu hata kimoja cha kike, si kandambili, si raba. Dadi alichukua bahasha ya kaki juu ya meza, akaiingiza ndani ya shati lake, akadhani sikumwona.

Bi Somoe alikuwa ameketi mkekani, mwanamke mrefu, mikono mikubwa ya mtu aliyebangua korosho maisha yake yote. Nilimwamkia kwa Kimakonde na uso wake ukafunguka. Akaniuliza kama nimetumwa na mama yake. Nikasema nimekuja kumjulia hali. Akaniinamia, akamwonyesha Dadi kwa kidevu. “Huyu kijana ananifungia,” alisema. “Mume wangu akirudi nitamwambia.” Dadi alisikia, maana naye ni Mmakonde, lakini hakujitetea. Alichemsha ming'oko, akakaa kando ya mkewe, akawa anaimenya mmoja mmoja na kumwekea kiganjani, naye anakula, anafungua kiganja tena. Niliandika kwenye daftari: *Hapewi sahani. Hulishwa kwa kipimo cha mume.* Nilipotoka, wanawake wawili waliokuwa wakichota maji bombani walikuwa na lao. “Yule kaoa nyumba,” mmoja alisema, “mwanamke kapewa nyongeza.” Nikaliandika na hilo.

Leo nikiisoma taarifa ile, nakala yake ninayo, naona hakuna uongo ndani yake. Kufuli lilikuwepo. Kioo kilikuwa kimegeuzwa. Viatu havikuwepo, bahasha ilifichwa, na mteja wangu alisema kwa kinywa chake kwamba anafungiwa na mtu asiyemjua. Kila neno lilikuwa la kweli, na taarifa nzima ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua kabla hajavuka kizingiti. Nilimshuku Dadi kwa sababu alikuwa maskini, na mdogo kwa mkewe, na mchache wa maneno. Na angejieleza sana ningemshuku kwa hilo pia. Wakili Mkumbaru aliisoma akiwa amesimama dirishani, akaniambia ni kazi ya mtu mzima. Jaji naye aliisoma, akatoa amri ya muda kwamba Bi Somoe akae na bintiye hadi shauri lisikilizwe.

Rehema alipanga nyumba Shangani, yenye marumaru sakafuni na feni darini. Nisimkosee haki yake: alimpenda mama yake. Alimpikia wali wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa ufuta, akamwekea kwenye sahani za maua. Bi Somoe aliitazama sahani kama mtu anayetazama mali ya wenyewe. Aliacha kula. Siku ya tatu nilimkuta amesimama mbele ya kioo cha ukutani anamsihi mwanamke aliyemo ndani atoke aende kwao, sauti imemkauka. “Amekaa hapo tangu alfajiri,” Rehema alisema huku analia. “Nikimwambia ni yeye mwenyewe, anasema mimi na yule mwanamke tuko kitu kimoja.” Siku ya tisa mlango uliachwa wazi mchana, naye akatoka. Alipatikana saa kumi jioni kwenye barabara ya Naliendele, pekupeku, nyayo zimechunika, amekalishwa kivulini na wauza mkaa. Walipomuuliza aendako alisema anakwenda kijijini kwao Kitaya, mama yake anamsubiri wavune mpunga kabla Ruvuma haijafurika. Mama yake alikuwa amekufa kabla Rehema hajazaliwa.

Nilimwosha miguu mimi mwenyewe, kwenye beseni, Rehema akishika taulo. Maji yalipogeuka mekundu nikaelewa kufuli. Nikaelewa kioo, na viatu, na ming'oko ya kiganjani, vyote kwa mpigo mmoja. Hakuna kitu kigumu kama kugundua kwamba ulichokiona ndicho, ila maana yake siyo.

Kesho yake nilikwenda kwa Dadi. Alikuwa uani anaziba pancha ya mtu. Hakuinuka. Nikamwambia Bi Somoe alitoroka, amepatikana, miguu imeumia. Mkono wake ulisimama juu ya mpira.

“Alikuwa anakwenda Kitaya,” alisema.

“Ulijuaje?”

“Kila siku anakwenda Kitaya. Akiona viatu tu anakumbuka safari. Ukimkatalia anagombana nawe mpaka anatapika. Mimi humpakia nyuma ya baiskeli asubuhi, tunakwenda hadi nyumba zinapoishia, namwambia tumechelewa, jua limekuwa kali, tutakwenda kesho. Anakubali. Tunarudi.”

“Na kufuli?”

“Uliliona kufuli, dada. Hukuuliza ufunguo wa pili anao nani.” Akaita kwa sauti, na jirani yake Bi Esha, mwanamke wa makamo, akatoka nyumba ya pili huku anafuta unga mikononi. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake. Kila Dadi anapokwenda kununua chakula au spea, Bi Esha huingia kukaa na Bi Somoe. Siku niliyokuja alikuwa ametoka kwa dakika chache kuangalia chungu chake. “Nilikuona unabisha,” Bi Esha aliniambia. “Nikasema huyu amevaa koti jeusi, huyu ametoka kwa wale wa karatasi. Sikutoka.”

Nikauliza karatasi zipi. Dadi alinitazama kwa muda mrefu, na nilijua mara hii ni mimi ninayepimwa. Aliingia ndani akarudi na bahasha ya kaki. Dalali alikuwa amemjia mara tatu, alisema, akitaka Bi Somoe atie dole gumba kwenye mkataba wa kuuza shamba la Msimbati, na Dadi awe shahidi. Mara zote tatu alimfukuza. Mara ya tatu dalali akaondoka akisema kuna njia nyingine, na haukupita mwezi Rehema akaanza kupigiwa simu na mtu anayejiita jirani, kwamba mama yake anateswa. “Nilikuficha bahasha kwa sababu sikujua umetumwa na nani,” Dadi alisema. “Na hadi sasa sijui. Soma hapo chini.”

Chini ya mkataba, pale inapogongwa anwani ya aliyeuandaa, palikuwa na muhuri wa ofisi yetu.

Nataka niseme kwamba nilirudi moja kwa moja nikamkabili mzee wangu. Sikufanya hivyo. Nilijiambia huenda karani alikosea, huenda dalali ameiba muhuri. Nilijitafutia maelezo ambayo Dadi sikumtafutia hata moja. Nilikwenda kazini siku nne, nikapokea pweza niliyemegewa, nikamtafuna kama mpira. Siku ya tano nilisema sina njaa, nikabaki upande wangu wa plaiwudi. Alikuwa na mgeni. Vilikuwa viatu vya ngozi vya dalali, nilivijua kwa mlio ngazini kabla sijamsikia sauti.

“Na binti wa yule mama atakubali kuuza?” mgeni aliuliza.

“Hajui bado. Akishapewa usimamizi na kuona gharama za mama, atakuja kuniuliza mwenyewe. Wakili wake ni wa Dar es Salaam; mjini hapa hana wa kumshauri.”

“Na huyo mwanasheria wako mdogo?”

Nilisikia muhogo ukivunjwa. “Yule namjua. Nikimwonyesha mlango uliofungwa, atamwona mwizi tu. Nimemfundisha mimi.”

Nimesikia mengi ya kuumiza maishani, mengine yakitoka kwa watu wenye haki ya kuyasema. Hakuna lililozidi hilo. Niliinuka nikazunguka ubao. Mgeni aliangalia kofia yake. Wakili Mkumbaru hakushtuka, aliniwekea hata kiti. Niliweka mkataba, ambao Dadi alikubali niuchukue, juu ya gazeti, kati ya vipande vya pweza na muhogo, nikasema nitaiandikia mahakama.

“Nani alikufundisha kushuku, binti?” aliuliza kwa upole uleule.

“Wewe, mzee.”

“Basi mwanafunzi hamshuku mwalimu wake. Kaa ule.”

Nikachukua mkataba, mkoba na daftari, nikashuka ngazi. Mzee Gulamu alikuwa anapima kitambaa cha sare. Alinitazama juu ya miwani. “Umefukuzwa ama umeacha?” Nikamwambia sijui bado. Alimalizia kukata, akasogeza cherehani ya mkewe pembeni, akapangusa meza kwa kiganja. “Kaa hapa kwanza ujue,” alisema. Barua yangu kwa mahakama niliiandikia hapo, vipande vya nyuzi vikishika wino, nikieleza muhuri, mkataba na niliyoyasikia. Kisha nikaandika aya ya mwisho: kwamba taarifa yangu ya kwanza niliiandika bila kumuuliza mume swali lolote, na ninaomba nisikilizwe upya kwa niaba ya mteja wangu.

Jaji alitusikiliza chumbani kwake, si katika ukumbi wa wazi, kwa heshima ya mama. Meza ndefu, themosi ya chai, feni inayolia. Wakili Mkumbaru hakuwepo. Suala lake lilikwenda kwa wanaosimamia nidhamu yetu, nami nikatoa ushahidi, na hilo si la hapa. Jaji alianza na mimi. “Uliyoandika mwanzo, uliyaona au uliyadhani?”

“Niliyaona, Mheshimiwa. Nilidhani nimeyaelewa.”

Rehema alisomewa mkataba. Alisema hakuwahi kuuona wala kuusikia, akalia, na nilimwamini nusu. Nusu nyingine ilinichukua miaka. Kisha akamgeukia Dadi akasema mkataba ni wa wezi wengine, lakini yeye bado ni mwanamume aliyeoa nyumba, na siku atakayokufa hatakanyaga msibani kwake. Dadi alitazama viganja vyake vyenye grisi.

Bi Somoe aliletwa na Bi Esha, akakalishwa kiti cha karibu na jaji. Aliulizwa jina lake akalisema. Aliulizwa Rehema ni nani, akasema ni mwalimu. Dadi je? Kijana. Alipoulizwa ana watoto wangapi alijibu kwamba bado hajaolewa. Niliona kalamu ya jaji ikipungua kasi. “Mama,” alimwuliza mwishowe, “unataka ukae wapi?”

“Kitaya.”

Kila mtu mle ndani alijua Kitaya hana mtu, na jibu lile halikumsaidia yeyote. Wakili wa Rehema alikwisha kuanza kufunga faili lake. Nikasimama. Hapo ndipo, nadhani, nilipoanza kuwa wakili wa Bi Somoe. Tangu mwanzo nilikuwa nimesema niliyoyaona mimi na niliyoyaogopa mimi. Nikaomba ruhusa ya kumuuliza swali moja kwa Kimakonde na kulitafsiri. Nikaruhusiwa. Nikamwuliza, “Nani atakupeleka Kitaya?”

Alitutazama mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayechagua mbegu. Alimpita jaji, akanipita mimi, akampita bintiye. Akamfikia Dadi, akainua kidevu. “Huyu kijana,” alisema. “Ndiye anayeijua njia. Amesema tutakwenda kesho.”

Nilitafsiri. Rehema aliweka ushungi mdomoni. Jaji aliandika kwa muda, kisha akajimiminia chai, akaiacha bila kuinywa.

Uamuzi ulikuja wiki mbili baadaye. Bi Somoe arudi nyumbani kwake Likombe, atunzwe na mumewe. Rehema awe msimamizi wa mali, asiuze kipande chochote cha shamba bila idhini ya mahakama. Na wakili wa mama aendelee kumtembelea kila mwezi na kuiarifu mahakama hali yake. Hakuna aliyepata alichokuja kukitafuta. Rehema alirudi Dar es Salaam bila kuniaga.

Mimi nilibaki na deni la maneno. Nilikwenda Likombe siku aliyorudishwa. Bi Somoe alikuwa amelala mkekani, mchovu, bandeji miguuni, na Dadi anampepea kwa kipande cha boksi. Nilimwambia nimekuja kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa aya nzima, nimeipanga kama hoja, na nilipofika katikati alininyamazisha kwa lile boksi.

“Ulinishuku,” alisema. “Vizuri. Ningekuwa mimi ni mwizi kweli, ungekuwa umemwokoa. Kosa lako ni kwamba ulinishuku mara moja, ukaondoka. Kwa mtu asiyeweza kujisemea, kila anayemgusa anatakiwa kushukiwa, siku zote. Mimi pia. Huko mbele nitachoka, dada. Unadhani sitachoka? Njoo siku ambazo sikungoji. Funua vyungu. Mwangalie mwilini. Uliza majirani wanaonichukia.” Alimgeuza mkewe ubavu wa pili, taratibu, akamwekea mto chini ya goti. “Na siku utakapoanza kuniamini, mtafute wakili mwingine aje badala yako.”

Nilikwenda. Nilifunua vyungu, nilimtazama vifundo vya mikono, niliuliza majirani. Bi Somoe aliishi miaka sita zaidi. Mwaka wa tatu, nikamtafutia wakili mwingine.